Maswali na majibu: Hifadhi zetu za kandokando ya Ziwa Victoria

Kila mwaka tunaambiwa watalii wameongezeka. Je, hiyo ndiyo dalili kwamba hifadhi inasimamiwa vizuri? (Msomaji, Nyakato)

Hapana. Idadi ya watalii inakueleza mapato ya getini tu. Lipo dodoso la maswali 30 lililoandaliwa na shirika la uhifadhi la WWF pamoja na Benki ya Dunia, linalotumika nchi nyingi: mpaka unajulikana? Askari wanatosha? Bajeti ipo? Majirani wanasikilizwa? Kila jibu lina alama, 0 hadi 3. Ni kipimo kizuri, ila mara nyingi wanaolijaza ni wasimamizi wenyewe. Ndiyo maana mimi huongeza swali langu: viumbe wanarudi au wanapungua? Hifadhi inaweza kuwa na magari mapya na ofisi ya vigae, na bado nyavu haramu za timba zikatandazwa ndani yake usiku kucha.

Sisi wavuvi tunafukuzwa kwenye maji ya Rubondo, lakini mtalii anaruhusiwa kuvua kwa ndoano. Haki iko wapi? (Mvuvi, Nkome)

Ndugu yangu, swali lako ni zito. Kisiwa cha Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, na karibu nusu ya eneo la hifadhi ni maji. Katika ghuba zake zenye mafunjo ndimo samaki wanamozalia. Sato jike huatamia mayai mdomoni, na vifaranga wakishtuka hukimbilia humo humo. Kokoro, ule wavu wa kukokota, likipita hapo mara moja, linazoa mama na wanawe. Wakiachwa wakakua, wengine hutoka nje ya mpaka, na huko ndiko wewe unakowapata. Mtalii anatakiwa kumrudisha samaki majini.

Kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, alfajiri moja, niliona beseni limejaa sangara wa urefu wa kiganja. Kima cha chini kisheria ni sentimita 50. Wale walikuwa hawajazaa hata mara moja, na roho iliniuma.

Lakini una haki kwenye jambo moja: mpaka wa majini hauonekani kama uzio. Mtu akisukumwa na upepo gizani, atajuaje kwamba ameuvuka? Kuweka alama zinazoonekana usiku ni wajibu wa usimamizi. BMU yenu, yaani kikundi cha usimamizi wa uvuvi mwaloni, na idai hilo kwa maandishi.

Saanane ni kisiwa kidogo hivyo, kwa nini kiitwe hifadhi ya taifa?

Ukubwa si sharti. Kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, kikapandishwa hadhi 2013. Mtoto wa Mwanza anapanda boti pale Capri Point, na dakika chache baadaye anamtazama pimbi juu ya jiwe. Kwangu hilo linatosha.

Tembo wamemaliza mahindi yangu. Nitalipwa? (Mama, Lamadi)

Pole sana, mama. Kinachotolewa ni kifuta jasho, si fidia, kwa hiyo usitegemee kifikie thamani ya shamba. Kanuni za 2011 ziliweka ukomo wa ekari 5, na shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi likaachwa nje. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo, ili afisa wanyamapori wa halmashauri aje kupima. Usifyeke kabla hajafika. Piga picha mabua yaliyovunjika na nyayo, ukilaza jembe kando ya unyayo ili ukubwa wake uonekane. Wakikaa kimya, mwandikie mkurugenzi wa halmashauri, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.