Asiyejua lugha si mjinga

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hivi: kama pesa si shida, ungempeleka mwanao shule ya kimataifa ya lugha nyingi, zile zinazosema zinamwangalia mtoto kwa ujumla wake na sio maksi peke yake? Mi nitajibu kwa ile ninayoijua kidogo, ya Kijerumani, manake dadangu ameolewa na Mjerumani na binti yao anasoma shule ya aina hio, na mimi ndo mjomba wa kwenda kumchukua kila wazazi wakibanwa na kazi, kwa hivo nimekaa sana getini na hata ndani.

Kwa wasiozijua, shule za Kijerumani za nje ya Ujerumani ziko zaidi ya 130 duniani. Ya Nairobi ilianza 1969 na imepewa jina la Michael Grzimek, yule kijana aliyekuwa akihesabu wanyama Serengeti pamoja na babake mpaka ndege yake ikagonga tumbusi ikaanguka Januari 1959, na kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Serikali ya Ujerumani inatuma walimu na pesa kiasi, lakini mara nyingi mwenye shule ni chama cha wazazi wenyewe, na karo inalipwa tena si mchezo. Mtoto akimaliza anafanya Abitur, mtihani wa mwisho wa sekondari ya Kijerumani, na ile karatasi inamfungulia vyuo vikuu vya Ujerumani ambavyo vingi vya serikali havitozi ada ya masomo, isipokuwa jimbo kama Baden-Württemberg ambalo tangu 2017 linawatoza wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa semesta. Hapo ndo wazazi wengi wanapopiga hesabu, na siwalaumu.

Lakini mmeuliza kuhusu mtoto, sio kuhusu chuo.

Siku ya kuingia darasa la kwanza kila mtoto anabeba koni ya karatasi ngumu, kubwa inamfika kifuani, imefungwa juu na utepe, umbo lake kama zile za njugu za barabarani ila hii ndani ina peremende, penseli, rangi, soksi hata. Wazazi wanaipamba nyumbani usiku kucha. Shemeji yangu, mtu mkavu kabisa wa mambo ya injini, nilimkuta amekaa chini anabandika samaki wa karatasi kwa gundi na amekasirika kwa sababu mkia hauko sawa. Wajerumani wameanza mambo haya zaman sana na hawachezi nayo. Mtoto anaingizwa shule kama bwana harusi, kila mtu yupo.

Halafu ripoti. Darasa la kwanza hakuna namba hata moja, ni maneno tu, anasoma vipi, anacheza na wenzake vipi, akishindwa anafanya nini. Mamangu alisomewa yote akatafsiriwa, akanyamaza, akauliza, "Sasa amekuwa wa ngapi?" Hakuna wa ngapi, mama. Baadae huko juu namba zinakuja, na zinakuja kinyume, 1 ndo bora na 6 ndo umeanguka, mpaka leo akisikia mjukuu kapata 2 anashika kichwa.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Siku moja nilifika mapema nikaambiwa nisubiri kwenye kiti nje ya chumba kidogo, mlango wazi. Ndani mwalimu na watoto wanne ambao Kijerumani chao bado, wametolewa darasani kwa muda kidogo. Kuna kijana mmoja alikuwa mgeni kabisa, hajafungua mdomo. Mwalimu anauliza 14 na 8, kijana kimya. Mwalimu hakurudia kwa sauti kubwa, ile tabia yetu ya kudhani mtu asiyejua lugha ni kiziwi. Akamsogezea shanga za kuhesabia. Kijana akasukuma 14, akaongeza 6, akasimama kidogo, akaongeza 2. Mwalimu akatikisa kichwa kumkubalia akaandika kitu kwenye daftari lake, afu ndo akamfundisha kulitamka lile jibu kwa Kijerumani. Umeona? Hesabu anaijua, tena anajua kupitia 20 kwanza, kinachokosekana ni maneno. Vitu viwili tofauti na vimeandikwa tofauti.

Mi hapo ndo nikaelewa kwamba kwenye shule ya lugha nyingi, habari ya elimu jumuishi, yaani ile ya kumpokea kila mtoto alivyo, inaanzia kwenye lugha kabla hujafika kwenye viti vya magurudumu na usonji. Shule isiyoweza kutenganisha "hajui lugha" na "haelewi" itamwita mtoto mzito bure. Na sisi tunafanya hivo kila siku bila Mjerumani yeyote. Nimesoma Kwale na wenzangu waliokuja darasa la kwanza na Kidigo tu, wazuri wa hesabu za sokoni kushinda mwalimu, wakapewa nafasi za mwisho kwa sababu swali lilikuwa kwa Kiingereza. Ukisema neno la nyumbani unavalishwa diski ya aibu shingoni mpaka umpate mwingine wa kumvalisha. Sera ya Kenya yenyewe inasema madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, ila nenda uangalie, hasa shule za kulipia.

Msinielewe vibaya, siwasujudii Wajerumani. Kwao nyumbani majimbo mengi yanawachagua watoto wakiwa na miaka 10 hivi, nani aende Gymnasium, ile sekondari ya kuelekea chuo kikuu, na nani asiende, ingawa Berlin na Brandenburg wanasubiri mpaka darasa la sita. Matokeo ya PISA, ule mtihani wa kulinganisha wanafunzi wa nchi mbalimbali, yalipotoka Desemba 2001 walishtuka kuona jinsi kufaulu kwa mtoto kunavyofuata kipato na elimu ya wazazi. Mkataba wa haki za watu wenye ulemavu waliuridhia 2009 na mpaka leo watoto wengi wenye mahitaji maalum bado wako kwenye shule za peke yao. Hata kiboko cha shuleni, jimbo lao la Bavaria walikiondoa kisheria 1983, sisi Kenya 2001, sio tofauti ya kutuvimbia kichwa.

Kwa hivo ukienda kutembelea usikae unaangalia bwawa la kuogelea. Uliza nani anakaa na mtoto ambaye lugha bado, mara ngapi kwa wiki, na je anakosa somo gani wakati huo. Uliza pia kama mtoto mwenye usonji akihitaji msaidizi wa kukaa naye, nani anamlipa, manake kuna shule zinaandika "jumuishi" kwenye broshua kwa herufi kubwa halafu bili ya msaidizi inakuja kwa mzazi juu ya karo. Wakianza kuzunguka kwenye jibu, umeshajibiwa.

Na Kiswahili? Mpwa wangu anaongea Kijerumani na babake, Kiingereza na marafiki, na mamake, ambaye ni mtu wa Mombasa kabisa, nae anamsemesha Kiingereza ati asimchanganye. Lugha mbili hazikumchanganya ila ya tatu ya bibi yake ndo itamharibu! Nimemwambia dadangu hilo si la shule, shule haijamkataza kitu. Siku hizi mtoto akikaa na mimi kwenye gari ni Kiswahili tu, akitaka chipsi aombe vizuri, na anaomba vizuri sana.

Pesa mmesema si shida kwa hivo sijaigusa. Wanangu mwenyewe wako shule ya kawaida ya serikali, dakika kumi kwa miguu, na mwalimu wa darasa la pili pale anawafafanulia hesabu kwa Kidigo mlango ukiwa umefungwa.