Chumbani mlikuwa wawili, harusini mkawa ishirini

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, naishi Kisauni, na ndoa yetu ina miaka minne. Mume wangu ni mpole na ananipenda. Mwaka jana aliniomba tukiwa chumbani nimfunge mikono kwa leso, nimzibe macho, kisha nimwamrishe. Nilishtuka lakini nikakubali, na tumeendelea. Juzi kwenye singo ya binamu yangu niliwaomba wenzangu ushauri, wifi yangu akiwemo. Tangu siku hiyo mume wangu analala sebuleni, hasemi nami. Je, tabia hii ni ugonjwa au ana jini? Na mbona anakasirikia jambo dogo, ilhali mtu na mkewe hawafichani?*
*– Aliyenuniwa*

Marahaba mwanangu. Pole, kitanda cha wawili ukikilalia peke yako kina baridi hata Mombasa ya Februari. Pole yangu inaishia hapo.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na barua yako nimeisoma mara mbili. Ati "niliwaomba ushauri". Singo naijua mimi. Bibi harusi yuko mkekani anasuguliwa, asmini zanukia mpaka barabarani, wanawake wamejaa na chakacha imekolea. Pale haombi mtu ushauri, pale watu huchekeshana. Hebu niambie kweli: ulinong'ona, au uliinuka ukaonyesha vile anavyofungwa? Mwenye kutaka ushauri humvuta mtu mzima mmoja kando. Wewe katika wote ukamchagua dada yake! Sasa mumeo akienda kwao kula pilau ya Ijumaa, dadake anamtazama viganja. Hilo ndilo jambo dogo?

Na kuna mahali umepapitia mbio: "nikakubali, na tumeendelea." Mwaka mzima! Mimi naona nawe ulikuwa ukifurahia, kisha mbele za watu ukajifanya mstaarabu, kicheko ukamwachia yeye. Kama kweli hutaki, mwambie yeye, naye akome siku hiyo hiyo; aliyekubali jana ana ruhusa ya kukataa leo, hilo halina mjadala. Lakini neno "sitaki" nimelitafuta kwenye barua yako, sikuliona.

Jini muache apumzike. Ugonjwa pia sio. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika Januari 2022, haihesabu tena mambo ya namna hii kuwa maradhi pale ambapo ni watu wazima na wote wameridhia. Daktari atakuuliza kama kuna anayelazimishwa au anayeumia. Kwenu, aliyeumizwa ameumizwa na ulimi.

Kuhusu kufichana, umeyachanganya. Mficha uchi hazai, na mumeo hakuuficha. Mwanamume wa mji huu hulelewa awe simba hata akiwa na homa. Kumwambia mkewe "nifunge, niamrishe" si maneno mepesi kutoka kinywani. Alikuletea wewe. Hakumletea wifi.

Zamani mwari alikuwa na somo wake, akimuuliza mambo ya chumbani bila haya, na somo akiyameza. Hata leso zilisema kwa adabu: mtu ananunua doti yake Biashara Street, jina, yale maneno ya kwenye leso, analisoma mume na kulielewa, mkwe anaona nguo tu. Ndoa za siku hizi zimepinduka, wallahi. La kuambiana mkiwa wawili hamliambiani, mnageukiana migongo kila mtu na simu yake. La kufunika linarushwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha kamati ya harusi, hata mpishi analisoma. Kisha mnamtafuta mchawi.

Sasa, usiite wazee. Utaongeza wasikilizaji tu. Anza na wifi: mwambie ulikosa, na umuombe yaishie kwake. Kisha nenda sebuleni kwa mumeo, na neno "ushauri" lisikutoke. Sema, "Nimekuaibisha." Mtajie kila aliyesikia, jina kwa jina, asiwe anakutana na watu huku akibahatisha nani anajua. Akinyamaza, nawe nyamaza. Chakula mpelekee huko huko.

Huenda ikachukua wiki, huenda mwezi. Mkirudiana na mambo yenu, fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja, leso isipite shingoni kabisa, mikono ikifa ganzi fungua, na usimwache mtu amefungwa ukaenda kutazama chungu jikoni. Mkubaliane neno moja ambalo likitamkwa kila kitu kinasimama.

Ila leso usiitoe wewe sandukuni. Ngoja aiombe mwenyewe.