Maswali ya Wasomaji: Lenzi ya Kamera Yenye Sensa Ndogo

SWALI: Mhariri, mimi hupiga picha za kwaya kanisani kwetu hapa Buruburu, Nairobi. Kamera yangu ni Canon yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ndogo ya aina ya APS-C, na lenzi ni ile iliyokuja nayo, ya milimita 18 (inayoonyesha eneo pana) hadi 55 (inayovuta karibu). Katika ibada za jioni hulazimika kupandisha ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) hadi 6400, na picha hujaa chenga, yaani vidoadoa. Je, niuze kamera nitafute yenye sensa kubwa, au ninunue lenzi ya milimita 50 ya f/1.8? Na ya mtumba inafaa?

JIBU: Tafadhali usiuze kamera. Sensa kubwa ingesaidia kiasi, lakini kinachokubana zaidi ni lenzi, kwa kuwa ukiivuta hadi milimita 55 tundu lake la kupitisha mwanga halifunguki kupita f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 ya ule wa f/5.6, hivyo palipohitaji ISO 6400 utatumia takriban 640 bila kubadilisha kasi ya shata (kifuniko kinachofunguka kwa muda mfupi kuingiza mwanga).

Hata hivyo, sensa yako ni ndogo mara 1.6 kuliko ile ya milimita 36 kwa 24, kwa hiyo lenzi ya milimita 50 itakuonyesha eneo ambalo kamera ya sensa hiyo kubwa ingelionyesha kwa lenzi ya milimita 80. Ukisimama mita 4 kutoka kwa waimbaji, picha itachukua upana usiofika mita 2: inamtosha kiongozi wa wimbo na wenzake wawili watatu, si kwaya nzima. Aidha, kwa f/1.8 katika umbali huo, sehemu inayotoka kwa ukali haifiki nusu mita, na safu ya nyuma itafifia. Ukitaka safu mbili, funga tundu hadi f/2.8 na uikubali ISO ipande.

Kwa kwaya nzima, tumia lenzi uliyo nayo, lakini iache kwenye milimita 18, ambako hufunguka hadi f/3.5, kisha usogee karibu kwa miguu. Utapata mwanga mara 2 na nusu ya ule wa f/5.6 bila kutoa hata shilingi, na inasikitisha kwamba wapigapicha wengi hulipuuza jambo hili.

Kama kanisa lina taa za mirija, weka shata 1/100 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa hizo hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kasi kubwa zaidi huweza kuleta michirizi. Piga kwa faili za RAW (zinazohifadhi data yote ya sensa), wala usiipige picha ikiwa na giza kwa nia ya kuiangaza baadaye kwenye kompyuta, maana hapo ndipo chenga hujitokeza zaidi.

Ya mtumba inafaa, mradi uikague dukani. Mulika tochi ya simu kupitia vioo. Ukiona nyuzi mfano wa utando wa buibui, hiyo ni kuvu, nawe uirudishe kwa mwenyewe. Kisha ifunge kwenye kamera yako na ujaribu kama inalenga yenyewe kabla ya kulipa.