Nilivyojifunza Kupiga Picha za Michezo kwa Rafiki Zangu, Moshi

Ndugu unayeanza, mimi nilijifunza kazi hii kwenye uwanja wa vumbi wa Majengo, Moshi, nikiwa na kamera ya kuazima na lenzi moja ya milimita 50, na niliowapiga picha kwanza walikuwa rafiki zangu niliocheza nao ndondo, soka la mtaani, kabla sijaumia goti. Nilikwenda uwanjani kwa sababu tu sikutaka kubaki nyumbani wenzangu wakicheza. Lakini jioni ya tatu nilitambua kwamba sikuwa nikitamani tena kuingia kucheza, bali nilitamani mechi ianze ili nipige picha.

Ushauri ninaouona mzito kuliko mwingine wote ni kuanza na watu ambao uchezaji wao unaufahamu. Katika michezo, ukisubiri kuliona tukio ndipo ubonyeze, umekwisha kuchelewa. Mlinda mlango wetu ana tabia ya kufuta kiganja cha kulia kwenye kaptura mara mbili, kisha huinua visigino kidogo, ndipo aruke. Mwendo huo nilikuwa nimeuona kwa miaka kadhaa bila kujua kwamba ungekuja kunifaa. Siku moja visigino vilipoinuka nilibonyeza, na katika picha hiyo yuko hewani, ncha za vidole zimeugusa mpira, na vumbi alilolitimua bado halijatua. Kama nisingekuwa namjua, hata lenzi ya bei kubwa isingenipa picha ile.

Kosa lililonichelewesha zaidi lilikuwa la mwanga. Kamera hupima mwanga wa eneo lote lililo mbele yake, hivyo ukimpiga mtu mwenye ngozi kama yetu huku nyuma yake kuna anga jeupe la mchana, hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na uso ukatoka giza. Ongeza mwanga kwenye kamera kwa hatua moja, yaani uwe mara mbili, au sogea mpaka nyuma ya mchezaji kuwe na miti au ukuta. Saa kumi na moja jioni jua huwapiga wachezaji ubavuni na nyuso hung'aa vizuri, ila kwetu giza huingia upesi. Hapo usikubali kushusha kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, chini ya 1/500 ya sekunde, kwa kuwa miguu ya anayekimbia itatoka na ukungu. Pandisha ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga; italeta chengachenga, lakini picha ya hivyo bado inatazamika.

Ukishazoea, nenda Kilimanjaro Marathon, inayofanyika hapa Moshi tangu 2003. Wengi hujazana kwenye mstari wa kumalizia, lakini mimi husimama barabara ya kupanda Mweka, ambako mwinuko huwapunguza wakimbiaji kasi na kila uso huonyesha unachopitia. Hata huko humtafuta kwanza rafiki yangu anayekimbia kilomita 21.1, kwa sababu najua anapoanza kuchoka bega lake la kushoto hushuka.

Jambo jingine ni ruhusa. Mshambuliaji wetu aliwahi kukosa penalti dakika za mwisho, nami nikampiga picha akiwa amepiga magoti na kujifunika uso kwa jezi. Ni miongoni mwa picha bora nilizonazo. Aliniomba nisiirushe popote, na mpaka leo haijatoka kwenye kadi yangu.