Kama unaanza kupima faida ya mafunzo ya uongozi, anza kabla darasa halijaanza

Nawaandikia nyie mliopewa kazi ya mafunzo hivi karibuni, iwe uko HR, au ni mratibu wa mafunzo, au ni msimamizi tu umeambiwa "simamia hii programu ya viongozi, alafu mwishoni utuletee ripoti tuone pesa imerudi vipi". Hayo maneno ya mwisho ndo yana kazi yote, na mwaka wangu wa kwanza sikuyaelewa.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa ya wasimamizi wa timu, siku tano darasani, mkufunzi mzuri kweli, watu wakatoka wamefurahi, nikawapa fomu wakajaza alama za juu karibu zote, nikaweka grafu kwenye ripoti nikapeleka. Mkuu wa fedha akasoma kimya mpaka mwisho akaniuliza swali moja tu: kwenye timu za hawa wasimamizi, watu walikuwa wanaacha kazi kwa kasi gani kabla, na sasa hivi kasi ni ipi? Sikuwa nayo. Nikasema ntaitafuta. Nikaingia kwenye mfumo wa wafanyakazi nikakuta kumbe mtu akihamishwa timu, mfumo unafuta jina la msimamizi wa zamani unaweka la mpya, na aliyeacha kazi ndo kabisa, sehemu ya msimamizi inabaki tupu. Yaani data ya nyuma haikuwepo tena, hata ningekesha. Na ingekuwepo kama tangu wazo la programu lilipoanza ningekuwa nachukua listi moja tu kila mwisho wa mwezi, nani yuko chini ya nani, naihifadhi pembeni na tarehe yake. Ni kazi ya dakika kumi.

Sasa hii fani ina watu walioipanga zamani, na ni vizuri uwajue kwa sababu utasikia majina yao kila kikao. Donald Kirkpatrick, Mmarekani, mwaka 1959 aliandika makala zilizogawa tathmini ya mafunzo kwenye ngazi nne: washiriki wamepokeaje, wamejifunza nini, wamebadilika nini kazini, na taasisi imepata matokeo gani. Baadaye Jack Phillips akaongeza ya tano, ambayo ni kugeuza yale matokeo kuwa pesa na kuyalinganisha na gharama, hiyo ndo ROI (return on investment, faida ya pesa iliyowekezwa) ambayo bosi wako anaiongelea. Wengi tunasoma hizi ngazi kuanzia chini kwenda juu na tunaishia ya kwanza, ile fomu ya mwisho wa siku. We zipange kwa kuanzia mwisho. Anza na matokeo unayoyataka, rudi nyuma kwenye tabia itakayoyaleta, rudi kwenye kitu mtu anachotakiwa kujifunza ili awe na hiyo tabia, ndo uende kutafuta mkufunzi.

Ukifanya hivyo utakutana na mazungumzo magumu mapema, na ni bora yawe magumu mapema. Mkuu wa idara atakuja atakwambia viongozi wake wanahitaji mafunzo. Muulize kwa nini. Atasema mawasiliano ni mabaya. Usiandike "mawasiliano" ukaondoka, kaa hapo hapo, muulize huo ubaya ameuona wapi. Mmoja niliwahi kumuuliza hivyo mara tatu kwa upole tu, ya tatu akasema kazi zinarudiwa, timu inamaliza kitu inakipeleka kinarudishwa kwa sababu msimamizi hakueleza vizuri mwanzoni kilichotakiwa, na watu wanakaa wanasubiri ruhusa kwa vitu wangeweza kuamua wenyewe. Hapo nikafurahi, maana kazi inayorudishwa inahesabika. Tukaanza kuhesabu wiki ileile, miezi mitatu kabla mtu yeyote hajakaa darasani.

Kwenye tabia, usiulize wafanyakazi kama bosi wao ni kiongozi bora, watakupa jibu la heshima. Uliza kitu kilichotokea au hakijatokea. Mi swali langu ninalolipenda ni hili: mara ya mwisho msimamizi wako alikaa na wewe peke yako mkaongelea kazi yako ni lini? Kuna kijana nilimuuliza kabla ya programu akafikiri kidogo akasema ile ya tathmini ya mwaka. Miezi minne baada ya programu nikamuuliza swali lilelile, akatoa simu akafungua kalenda, akasema Jumanne, dakika ishirini, tuliongelea ile ripoti niliyokwama nayo na tukakubaliana niikate vipande viwili. Hiyo ni data. Ukiwa na majibu ya namna hiyo kutoka kwa watu wengi, kabla na baada, unaweza kusema kitu kimebadilika na mtu akakuamini. Ila tafadhali linda majina, timu ikiwa na watu wawili watatu usitoe matokeo yake peke yake, bosi atajua nani kasema nini, na mwakani hakuna atakayekwambia ukweli.

Kujipima wenyewe nako kuna mtego ambao ulinitisha mara ya kwanza. Wasimamizi walijipa alama za kugawa majukumu kabla ya mafunzo, wakajipa tena baada, na alama zikashuka! Nikadhani programu imeharibu watu. Kumbe kabla hawakujua kugawa majukumu maana yake nini, walidhani ni kumtupia mtu kazi, walipojifunza wakajiona wako mbali kuliko walivyodhani. Siku hizi, nikitaka mtu ajipime, namuuliza baada ya programu maswali mawili kwa pamoja, kwa unavyoelewa sasa, kabla ulikuwa wapi na leo uko wapi, na hata hapo siyategemei hayo peke yake.

Alafu kuna hili ambalo naona watu wengi hawalipi uzito. Msimamizi anatoka darasani na nia nzuri kabisa, anarudi kwa mkuu wake ambaye anamwita vikao asubuhi mpaka jioni na anataka kila uamuzi upite kwake. Atakaa na timu yake saa ngapi? Watafiti wawili, Baldwin na Ford, mwaka 1988 waliandika kwamba mafunzo kuhamia kazini kunategemea mtu mwenyewe, namna mafunzo yalivyopangwa, na mazingira ya kazi anayorudia, na mi kwa uzoefu wangu hiyo ya tatu ndo inayoua programu nyingi. Kwa hiyo nikipima naweka na swali kwa washiriki kuhusu wakuu wao: aliwahi kukuuliza umejifunza nini? Alikupa nafasi ya kujaribu? Bila hilo utaandika kwamba mafunzo yameshindwa wakati kilichoshindwa ni kitu kingine.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe, na hapa naomba utulie. Fomula ni hii, faida toa gharama, gawanya kwa gharama, zidisha kwa 100. Kuna watu wanagawa faida kwa gharama moja kwa moja alafu wanaita ROI, hapana, huo ni uwiano tu wa faida na gharama, ukikosea hapo mhasibu ataona mara moja na kila namba nyingine kwenye ripoti yako itatiliwa shaka.

Chukua mfano wa kutunga. Programu imegharimu milioni 50. Kwenye timu za wasimamizi waliofundishwa, mwaka kabla waliacha kazi watu 30, mwaka baada wakaacha 22, wamepungua 8. Mmeshakubaliana na watu wa fedha kwamba kumpata mtu mwingine na kumfundisha mpaka aive inagharimu milioni 12. Ukizidisha 8 kwa 12 unapata 96, ukitoa 50 zinabaki 46, ROI inakuja asilimia 92. Inapendeza sana kuiandika. Lakini angalia timu zinazofanana na hizo ambazo wasimamizi wao hawakufundishwa, nako waliacha 30 mwaka kabla na 27 mwaka baada, wamepungua 3 bila mafunzo yoyote, labda soko la ajira limekuwa gumu, labda mishahara imeongezwa. Kwa hiyo cha mafunzo ni 5 tu, mara 12 ni 60, toa 50 inabaki 10, ROI ni asilimia 20. Hiyo 20 ndo upeleke. Nimeshaona mtu akipeleka ile kubwa, akaulizwa "na timu zingine je?" na ikawa mwisho wa kikao.

Hizo timu za kulinganisha utazipata wapi? Njia ninayoipenda kuliko zote ni kugawa programu kwenye awamu. Nusu wanaingia sasa, nusu baada ya miezi sita, na nani aanze mnachagua kwa bahati nasibu. Hakuna anayenyimwa, na wale wanaosubiri ndo wanakuwa kipimo chako. Ukiacha wakuu wachague wenyewe, watakuletea wale wazuri wanaowapenda, au wale wenye matatizo ili warekebishwe, na yote mawili yanaharibu kipimo. Timu iliyokuwa mkiani kabisa mwaka huu, mara nyingi mwakani inapanda kidogo hata usipoigusa, maana mwaka mbaya kupita kiasi haujirudii kirahisi, na we utadhani ni mafunzo.

Kama kugawa awamu haiwezekani, chora mwelekeo wa miezi 12 au zaidi iliyopita uone ulikuwa unaenda wapi wenyewe, alafu ulinganishe na kilichotokea. Na kama hata hiyo huna, kuna njia ya Phillips ya kuuliza wahusika: mabadiliko haya asilimia ngapi ni mafunzo, na una uhakika kiasi gani na hilo jibu? Mtu akisema asilimia 40, na uhakika wake ni asilimia 70, unazidisha unapata 28, unachukua hiyo 28. Ni makadirio, yaite makadirio.

Gharama ziandike zote. Ada ya mkufunzi, ukumbi, usafiri, vifaa, muda wa kuandaa, gharama ya kupima kwenyewe, na ile inayosahaulika kila siku, mishahara ya washiriki kwa siku walizokaa darasani. Viongozi 40 siku tano ni siku 200 za kazi za watu wanaolipwa vizuri.

Muda nao uheshimu. Tabia ipime kuanzia mwezi wa tatu hivi baada ya mafunzo, matokeo ya taasisi yape miezi sita mpaka mwaka. Na siyo kila programu ifikishwe mpaka kwenye pesa, Phillips mwenyewe anashauri ni chache tu, zile kubwa, za gharama na zenye uhusiano wa karibu na malengo ya taasisi. Zingine ishia kwenye tabia inatosha. Vitu kama kuaminiana kwenye timu, kama huna njia ya kweli ya kuvigeuza pesa usivilazimishe, viweke kwenye ripoti kama vilivyo, na maneno ya watu wenyewe chini yake.

Itakuja siku hesabu itatoka hasi. Kwangu ilikuja kwenye programu ya tatu, kazi zilizorudishwa hazikupungua hata kidogo kwenye idara moja, na nilikaa na ile karatasi siku mbili nikitafuta namna ya kuilainisha. Mwishoni nikaipeleka ilivyo, nikaambatanisha na majibu ya washiriki kuhusu wakuu wao, ambapo wengi wa idara ile walisema hawakuwahi kuulizwa chochote tangu watoke darasani. Mkuu wa fedha, yuleyule, akasoma, akauliza kwenye idara nyingine wakuu walifanya nini tofauti, na safari hii nilikuwa na jibu. Pesa ya mwaka uliofuata haikukatwa, sehemu yake ikahamishwa kwenda kufanya kazi na wale wakuu kwanza, na tukaanza kuhesabu upya kazi zinazorudishwa kabla ya wao kuanza.