Mama ana kansa: kijana wako aambiwe nini, na lini

Kijana wa miaka 14 hujua kuna jambo kabla hujafungua mdomo. Ameona bahasha ya Hospitali ya Bugando juu ya kabati, amemsikia shangazi wa Sengerema akilia kwenye simu. Ukimdanganya kuwa ni vidonda vya tumbo, atatafuta mwenyewe mtandaoni, usiku, peke yake.

Mwambie Ijumaa jioni ili apate siku mbili kabla ya shule, na kamwe si usiku wa kuamkia mtihani. Utaje ugonjwa kwa jina: kansa ya titi, kansa ya shingo ya kizazi. Mwambie pia yale asiyothubutu kuuliza: haiambukizi, hakuisababisha yeye kwa ukaidi wake, na mama hakurogwa. Hili la kurogwa msiliruke, kwa sababu mtaani watamletea. Akiuliza, "Mama atakufa?" usimwahidi usichokijua. Mjibu, "Madaktari wanamtibu. Likitokea jipya, nitakuambia mimi." Halafu utimize kweli.

Dawa za kansa za dripu mara nyingi hutolewa kila baada ya siku 21, basi mziweke alama kwenye kalenda ya ukutani. Kwa dawa zinazonyonyoa nywele, nywele huanza kutoka wiki ya pili au ya tatu. Ajue mapema, asije akashtukia mafungu ya nywele kwenye mto. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu kinga ya mama hushuka sana. Hapo mpe kazi ya maana: ampime mama joto kwa kipimajoto asubuhi na jioni, aandike. Likifika 38, ni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Panadoli isitangulie, huficha homa. Matapishi na mkojo wa mama wa saa 48 za kwanza baada ya dripu asivishike bila glovu. Afadhali ashughulike mtu mzima. Mionzi ya mashine haibaki mwilini, kwa hiyo amkumbatie mama yake apendavyo.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni binti mkubwa kugeuzwa mama wa nyumba: maji, wadogo, kusonga ugali, kuanika dagaa, na Kidato cha Nne inamsubiri Novemba. Kaka naye asonge ugali. Mama mdogo aje wiki ya dripu. Mwalimu wa darasa aelezwe, ila kijana aulizwe kwanza nani mwingine ajue. Na Jumamosi aachwe akacheze, bila kuonekana hana huruma.

Akikosa usingizi wiki mbili, akijikata, au akisema heri afe, usimkemee wala usimwache peke yake. Nenda naye hospitali siku hiyohiyo, uombe aonwe na daktari wa afya ya akili au ofisa ustawi wa jamii.