Usimzabe meneja kofi siku ya kwanza, nakuomba

Futa kipengele cha tatu cha mpango wako wa onyesho la mieleka ya kupangwa, kile cha meneja kuzabwa kofi. Kifute leo, kabla hujalipia ukumbi, na ukimaliza kukifuta mtafute aliyekushauri umfute na yeye kwenye simu.

Mkuu, umeandika kwamba una kijana wa futi sita na ushee, mwili wa kuziba mlango, lakini akipewa maiki anatokwa jasho. Umempatia meneja mwenye mdomo. Onyesho la kwanza hapo Arusha meneja anatoka, anautukana mji mzima, stelingi wako anapanda ulingoni anamzaba kofi, jamaa anaanguka miguu juu, watu wanacheka, ndipo jitu linaingia kulipiza. Halafu ukauliza meneja avae nini, na kama mwanamke anafaa kwa kazi hiyo. Nitayajibu yote. Kwanza hilo kofi, maana nimelila mimi na mpaka leo nalilipia.

Mwanza tulikuwa na kikundi cha mieleka ya maonyesho. Ulingo wenyewe magodoro chini, turubai juu, nguzo za miti na kamba za manila. Jitu letu lilikuwa kijana mbeba magunia ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Alikuwa anamnyanyua mtu mzima juu ya kichwa, anamshikilia huko huko huku akitafuna kijiti. Tatizo lilikuwa kuongea. Ukimwambia watishe watu, anasema "Shikamooni." Basi meneja nikawa mimi: suti ya kijani ya mtumba, miwani ya jua saa mbili usiku, na bakora. Mdomo ninao, mke wangu atathibitisha.

Ndipo akatokea mtaalamu. Kwa maelezo yake alijifunza mieleka Afrika Kusini, na kila sentensi aliianza na "kule kwa wenzetu." Nikamlipa, nikamlisha sato, nikamnunulia na vocha. Ushauri wake wote, ukiukamua, ulikuwa huu: Watanzania hawana subira, wape kicheko mapema, meneja apigwe usiku ule ule wa kwanza. Nikamwona msomi.

Kofi likapigwa. Miwani ikaruka mpaka safu ya pili, mtoto mmoja akaivaa, ukumbi ukalipuka. Jitu likaingia kulipiza, likawabeba watu wawili kwa mpigo, na nakuapia hakuna aliyelitazama. Wote wananitazama mimi ninavyotafuta miwani yangu kwa magoti. Nikarudi nyumbani shavu linawaka moto nimefurahi kama nimeshinda ubunge.

Onyesho lililofuata, kabla sijafungua mdomo, ukumbi mzima unaimba "Kofi! Kofi!" Mtaalamu akaniambia unaona, umma umesema. Tukawapa kofi. Tukaongeza na teke. Na mimi, sifichi, nikaanza kunogewa: nikawa naongea dakika kumi jitu limesimama nyuma yangu limekunja mikono. Bango jipya likatoka, sura yangu imejaa mbele, nacheka, na kwa nyuma kipande cha bega la mtu. Bega hilo ndilo jitu tulilokuwa tunalijenga.

Sasa sikiliza palipoharibika, kwa sababu ndipo unapoelekea. Tulikuwa tumepanga pambano kubwa, stelingi dhidi ya jitu. Tukachukua ukumbi mkubwa, tukakodi spika na jenereta, tukapandisha kiingilio. Watu hawakuja. Walikuja ndugu, watoto wa bure na bodaboda wachache waliokuwa wanasubiri abiria nje. Nikamuuliza mmoja, kaka, mbona safari hii mmetususa? Akanijibu kwa upole kabisa: "Si utapigwa tu? Tumeshaona."

Mtaalamu wa kule kwa wenzetu siku hiyo simu haipatikani. Wenye spika na jenereta, wao, walipatikana vizuri sana, na walinipata na mimi. Pikipiki ikaenda. Kijana wa Mwaloni akaenda kulinda mlango wa baa, akaniaga kwa heshima zote: "Bosi, mimi nilikuwa pazia lako tu." Hilo liliniuma kuliko pikipiki. Nasikia mtaalamu siku hizi anashauri wasanii wa singeli. Mungu awasaidie.

Baada ya hapo nikakaa chini na mapambano ya zamani ya Wamarekani, yale tuliyokuwa tunayaangalia vibanda umiza tukipiga kelele bila kujua kwa nini tunapiga kelele. Na nikaona.

Mtazame Bobby Heenan. Machi 1985, WrestleMania ya kwanza, onyesho kubwa la mieleka la Marekani, pale Madison Square Garden, New York, meneja huyu ana jitu lake Big John Studd, na dau ni dola 15,000: mpinzani wake Andre the Giant akimnyanyua Studd na kumbwaga, pesa ni zake. Andre akambwaga. Akaanza kuwarushia watu noti, Heenan akaupora mfuko na kukimbia nao. Wewe ungefanyaje hapo? Ungemfanya Andre amkamate amzabe kofi, watu wacheke, waende kulala. Wao walimwacha akimbie na mfuko.

Mwaka uliofuata Heenan anakuja na King Kong Bundy, mlima wa nyama, dhidi ya stelingi wao Hulk Hogan kwenye kizimba cha chuma, Aprili 7, 1986. Hogan anashinda, na baada ya hapo ndipo Heenan ananaswa mle kizimbani anachapwa. Angalia mpangilio, mkuu. Kwanza jitu lishindwe, kisha meneja aguswe. Anayetaka kumwona Heenan anapigwa ilimbidi kwanza alipe kumwona Bundy anashindwa. Hasira yote waliyokuwa nayo kwa yule mwenye mdomo ilimpandia yule mwenye mwili, kwa sababu ndiye aliyesimama katikati. Bundy hakuhitaji kuongea kitu. Kazi yake ilikuwa kuzuia.

Hapo ndipo meneja anapojenga nyota, na mimi kwa akili zangu nilidhani kazi yake ni kuchekesha. Meneja anatenda dhambi, jitu linamkinga, na kadiri dhambi zinavyozidi bila malipo ndivyo jitu linavyoonekana kubwa. Stelingi akishamfikia meneja siku ya kwanza, jitu limekinga nini? Ni mbeba magunia aliyechelewa kazini.

Mapema 1987, Andre, ambaye watu walimpenda miaka na miaka, anatokea kwenye runinga akiwa ameongozana na Heenan. Heenan yule yule wa mfuko. Hakuna aliyehitaji maelezo marefu, ile kuwaona pamoja tu ilitosha kuvunja mioyo. Maneno mengi kuelekea pambano aliyasema Heenan. Machi 29 ukumbi wa Pontiac Silverdome, Michigan, ukatangazwa kuwa na watu 93,173. Wapo wanaobisha hiyo idadi mpaka kesho, mimi hata ukiniambia nusu yake nachukua, nilikuwa na bodaboda wanne.

Na Jim Cornette, yule wa raketi ya tenisi. Toka mwishoni mwa 1983 anaisimamia timu ya Midnight Express, anawagonga watu raketi refa akigeuka, anakimbia. Novemba 1986, kwenye onyesho la Starrcade, timu yake inapambana na timu ya Road Warriors juu ya jukwaa la vyuma lililoinuliwa hewani. Midnight Express wanadondoshwa, pambano linakwisha, ndipo Cornette anakimbizwa huko juu, ananing'inia, anaachia. Aliyepangwa kumdaka akamkosa, goti likaharibika kweli kweli. Simshauri mtu aruke kutoka juu, wala usimrushe meneja wako. Ninachosema ni kwamba watu walisubiri miaka karibu mitatu kuona yule bwana anaanguka, na muda wote huo walikuwa wanakata tiketi kuwaona vijana wake wakipambana.

Kwa hiyo kanuni yangu ndiyo hii, ichape ubandike kwenye chumba cha kubadilishia nguo: meneja haguswi mpaka jitu lake limeanguka, na siku linaanguka iwe siku watu wamelipia. Asiguswe kwa bahati mbaya, asiguswe "kidogo tu", asivutwe hata tai. Stelingi akinyoosha mkono, jitu linaudaka mkono hewani. Watu wakipiga kelele "Kofi!" ndiyo vizuri, warudi nazo nyumbani hizo kelele. Ukiona lazima mtu apigwe ili ukumbi uchangamke, mpe meneja kijana wa kumbebea begi, apigwe huyo. Apigwe kila wiki. Kijana wa begi hana cha kupoteza.

Utaniambia Arusha si Marekani. Sawa. Mtaalamu naye aliniambia hivyo hivyo, akiwa na sato wangu mdomoni.

Pia mkataze meneja kujisifu. Meneja Paul Heyman alikuwa anajitambulisha kwa jina lake, ndiyo, lakini sikiliza alikokuwa anaishia: kwa mwanamieleka wake Brock Lesnar. Machi 2002 Lesnar anaingia hana maneno, Agosti 25 mwaka huo huo anamshinda The Rock anakuwa bingwa, na muda wote mdomo ni wa Heyman. Novemba Heyman anamsaliti, mkanda unakwenda kwa Big Show, na watu waliokuwa wanamzomea Lesnar wanaanza kumshangilia. Kwa hiyo hata siku ya kuachana unaweza kuivuna, ila ukivune kitu ulichokipanda. Mimi nilipoachana na jitu langu alishangilia mwenye baa.

Mwanamke anafaa, ndiyo. Miss Elizabeth, aliyemsimamia Randy Savage, alikuwa haongei karibu kitu, na kila adui wa Savage alijua pa kumuumizia. Mavazi: suti ya kijani ninayo bado, haina doa, njoo PM tuelewane bei.

Halafu mdau uliyeandika hapo juu kwamba meneja ni mbwembwe na mtu mwenye mwili atajiuza mwenyewe. Kaka, mwili ukiuza peke yake Mwaloni pangekuwa na mabingwa wa dunia tangu asubuhi. Kumbuka Kamala, lile "jitu la Uganda" lililotutisha utotoni. Alikuwa Mmarekani wa Mississippi, James Harris, tabia hiyo akaipata Memphis mwaka 1982, na hakusema neno ulingoni; maneno yote yalikuwa ya waliomleta na kumwongoza. Sisi majirani kabisa wa Uganda tukaamini, sembuse watu wa Tennessee.

Au Kane. Mwaka 1997 meneja Paul Bearer, mtu ambaye nje ya mieleka alikuwa na leseni ya kuzika maiti, alisimama miezi anamwambia mwanamieleka The Undertaker kwamba ndugu yake Kane hakufa kwenye moto wa utotoni, kwa hadithi yao ya kutunga, yuko hai, anakuja. Mwanamieleka mwenyewe hayupo. Hana picha, hana pambano, hana hata kivuli, kuna mzee mnene anayelia kwenye maiki. Ilipofika Oktoba 5 Kane akang'oa mlango wa kizimba, watu walishamwogopa zamani, na yeye hajafungua mdomo. 

Mleta mada, onyesho lenu ni Jumamosi ipi? Kama stelingi ameshafanya mazoezi ya hilo kofi, mwambie kuanzia leo afanye mazoezi ya kulikosa.